Hakuniambia Soma

Juzi mjukuu wangu Raya aliingia jikoni kwangu akaomba yai bichi na chumvi. Nilidhani ana njaa. Kumbe hapana. Alijaza maji kwenye gilasi, akalitumbukiza yai, nalo likazama likatulia chini. Kisha akaanza kutia chumvi, kijiko baada ya kijiko, akikoroga polepole asije akalipasua. Yai likasitasita, likajiinua kidogo, likarudi chini, mwisho likapanda lote na kuelea. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikaacha kukuna.

"Nyanya, umejikata?" akaniuliza.

"La, ni moshi tu," nikamwambia. Na jiko langu ni la gesi, halina moshi.

Dada yangu Mwanasiti tulimzika mwaka huu, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Watu walikuja kwa wingi, wakamsomea, wakamsifu, nami nikakaa na waliokuja kutoa rambirambi nikiitikia kila mkono kwa utulivu. Umri huu mtu amekwisha kujua kwamba sote ni wake Mola na kwake tutarejea. Chozi halikunitoka makaburini wala matangani. Lilinitoka jikoni, mbele ya yai lililoelea kwenye maji ya chumvi.

Tulikaa mtaa wa Barani, huku pwani, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa upande wa mbele tu, yenye baraza ndefu iliyokuwa chuo cha Kurani cha baba. Nyinyi wa rika langu mliosoma vyuoni mnaijua ile sauti. Kila mtoto na mahali pake: huyu yuko kwenye alifu na be, yule yuko katikati ya juzuu, mwingine anakaribia kuhitimu, na wote wanasoma kwa pamoja, kwa sauti. Mpita njia alisikia kelele. Baba alimsikia kila mmoja. Sikumsikia hata siku moja akimwambia mtoto kwamba somo hili huliwezi. Aliyekosea aliambiwa "Rudi," akarudi, hata ikiwa ni tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Wako waliochukua miaka kufika pale wenzao walipofika kwa mwezi, lakini walifika, na siku yao ya kuhitimu walifanyiwa maulidi na halwa ikaliwa kama ya wengine.

Ila adabu ya chuo ilikuwa kali. Mbele ya maalim unakaa, unainamisha macho, unangoja. Maalim akisema "Soma," ndipo unafungua kinywa. Anayeanza kabla ya kuambiwa ni mtovu wa adabu, hata awe amehifadhi namna gani. Na katika wanafunzi wote wa baba hakuna aliyeishika adabu hiyo kama Mwanasiti. Alikuwa mtoto wa kusikia. Ukimpa maji ya moto atakunywa, asiseme yanamuunguza.

Alipokuwa kidato cha pili, mimi nilikuwa bado shule ya msingi, meno yangu ya mbele yameota upya na kuuzidi uso. Shule zetu zilikuwa uwanja mmoja, zimetenganishwa na ua wa minyaa. Kule kwao kulikuwa na mchujo. Wachache walichukuliwa kuingia darasa la juu la fizikia na hisabati, lililosomea kwenye chumba chenye meza ndefu na mifereji ya maji. Waliobaki walipewa masomo mepesi, wakamaliza kidato cha nne, na safari yao ikaishia hapo. Dada alitaka kuwa daktari. Alikuwa amemwona daktari mwanamke akimshona baba mguu hospitalini, huku akimtuliza kwa maneno mazuri, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Bila darasa lile hakuna kidato cha tano, na bila kidato cha tano hakuna udaktari. Hilo lilijulikana hata na mimi.

Lililojulikana pia ni kwamba watoto wa kwetu hawaingii darasa lile. Waliingia watoto wa makarani na wa askari waliokuja na kazi kutoka bara. Wa Barani, wa vijiji vya Ganda na Sabaki walikuwa wa kutafuta. Jirani yetu Mzee Mbwana, aliyeuza samaki na kupenda mzaha, alikuwa na sababu yake.

"Vichwa vya pwani hivi vimelainishwa na chumvi!" alikuwa akisema, huku akijigonga utosini. "Tumeivuta puani tangu tumboni mwa mama zetu. Hesabu itashika wapi?"

Watu wazima wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kipande cha embe bichi mkononi, nimekichovya kwenye chumvi na pilipili, nikakitazama, nikakitupa kwa kuku. Nilimwamini Mzee Mbwana kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Siku ya mchujo nilitumwa na mwalimu wangu kuteka maji kwenye mfereji ulio nyuma ya lile darasa. Ukuta ulikuwa na matundu ya saruji ya kuingiza hewa. Nikapindua ndoo, nikasimama juu yake, nikachungulia.

Mwalimu Mutua, kijana mrefu kutoka bara, ndiye aliyekuwa mbele. Nasema kwa haki kwamba alikuwa mtu mwema. Hakuwa na upendeleo wala matusi. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja akamuuliza, na walisema Kizungu, sikuelewa neno. Lakini niliona kwa macho yangu alichoshika: gilasi ya maji, yai, na pakiti ya chumvi.

Chumvi! Kumbe Mzee Mbwana amesema kweli. Mwalimu anawapima chumvi.

Msichana mmoja, bintiye askari, aliruka hata kabla jina lake halijaitwa, akinyoosha mkono na kulia "Mwalimu! Mwalimu!" Akajibu haraka, akimkodolea macho, na Mwalimu Mutua akatabasamu. Kisha likaitwa jina la dada yangu. Mwanasiti akasimama, akakutanisha mikono, akainamisha macho chini. Mwalimu akauliza. Dada akangoja. Mwalimu naye akangoja. Mtu akacheka nyuma. Mwalimu akatikisa kichwa bila hasira, akamwashiria akae, akaandika kitu.

Jioni nilimkuta ukumbini akichagua mchele kwenye ungo, mawe upande mmoja, mpunga upande mwingine.

"Dada, ulikuwa hujui?"

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaendelea kuchagua. "Hakuniambia soma," akanijibu.

Sikulielewa jibu lile. Ilinichukua utoto mzima kulielewa. Usiku huo nilimsikia baba akimwambia mama kwamba Mwenyezi Mungu humfungulia amtakaye. Mungu sikuweza kumfikia zaidi ya dua, na dua nilikwisha kuomba. Lakini chumvi ilikuwa kwenye kopo, karibu na mkono wangu.

Kazi yangu jikoni ilikuwa ndogo: kutia chumvi mama akiniambia, na kumwekea dada chakula chake chini ya kawa, maana alirudi kutoka shule saa za alasiri sisi tumekwisha kula. Nikaanza kumpakulia kabla ya kutia chumvi. Maharagwe ya nazi, mchicha, samaki wa kupaka aliyeungwa kwa ukwaju, vyote nilimwekea chapwa. Nilimtazama akila, nikingoja kichwa chake kiwe kigumu. Alikula akamaliza, akasema alhamdulillahi, akaosha sahani.

Siku zile zilikuwa nzito katika nyumba yetu. Majina yalikuwa hayajapelekwa kwa wakubwa, na mama alijua kwamba mpaka yapelekwe jambo linaweza kubadilishwa. Akamsihi baba aende shuleni. Baba akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kutokea, akanishika mkono, tukaenda.

Mwalimu Mutua alikuwa akisahihisha madaftari. Aliinuka kwa heshima akampa baba kiti. Baba akamuuliza hali, na hali ya wazee wake huko bara, na mvua, na kama joto letu amelizoea. Mwalimu alijibu, akatazama saa, akajibu tena.

"Kuna shida yoyote, Mzee?" akauliza mwisho.

"La, hapana shida. Nimekuja kukujulia hali tu. Siku moja utupitie kwetu Barani, unywe chai."

Akamshukuru, na tukarudi. Maana kwetu mtu hamwendei mwenziwe mara ya kwanza na haja mkononi. Unakwenda, mnajuana, haja huja siku nyingine. Baba angekufa kwa aibu kufanya kinyume.

Mama alikuwa mlangoni. "Amesemaje?"

"Kijana mwema sana yule."

"Kuhusu Mwanasiti, Maalim?"

"Hilo nitalirudia."

Mama akaketi kizingitini. "Utakaporudi wewe watakuwa wamefunga mlango," akasema. "Hukumtaja hata jina?"

Baba alirudi, kweli. Alimkuta Mwalimu Mutua anafundisha. Akasimama kivulini akingoja, kwa sababu mwalimu haingiliwi katikati ya somo. Kengele ikalia, mwalimu akaingia darasa jingine, na baba akarudi nyumbani na kanzu yake imelowa jasho.

Saa za mapumziko nilimwona dada nje ya yale matundu ya saruji, amekumbatia vitabu vyake, akisikiliza darasa la juu likifundishwa ndani. Alifukuzwa na kiranja, akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi. Nyumbani alikonda, mifupa ya mabega ikatokeza chini ya sare. Alfajiri sijida zake zilikuwa ndefu, na mimi niliyelala mkeka wa pembeni nilimsikia akinong'ona ndani yake, jambo moja tu, analirudia na kulirudia. Asubuhi alifagia uwanja, akaenda shule. Nami nikaona dawa yangu haifanyi kazi, nikamkataza na maembe ya chumvi.

Kisha alasiri moja Mwalimu Mutua akaja. Alikuwa amealikwa chai, naye hakuwa mtu wa kupuuza mwaliko. Chuo kilikuwa kimechachamaa. Alipiga hodi hakuna aliyemsikia, akasimama na baiskeli yake akishangaa.

"Mzee," akasema baba alipomwendea, "hawa watoto wanasikilizana kweli?"

"Wao hawasikilizani," baba akamjibu akicheka. "Tunawasikia sisi. Karibu, karibu ndani."

Akakaribishwa mkekani. Kwenye pembe ya baraza Mwanasiti alikuwa amezungukwa na wadogo, kila mmoja anasoma mahali pake, wote kwa pamoja. Aliyekosea aligongwa goti kwa kidole, akarudi, na wenziwe wakaendelea bila kukatizwa. Mwalimu Mutua alimtazama kwa muda mrefu.

"Yule si mwanafunzi wangu?"

"Ni binti yangu."

"Binti yako? Mzee, ulikuja mpaka ofisini, hukuniambia!"

Baba akaona haya. "Ulikuwa na kazi," akasema.

Mama akaleta chai na mahamri. Mwalimu akashukuru, akashika kikombe, akasema kwa upole, "Ana tabia nzuri sana. Tatizo ni moja, darasani ni kama bubu."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na sinia, na neno likanitoka kwa kelele kuliko chuo kizima.

"Si bubu! Hukumwambia soma!"

"Wee Zuhura!" Mama akanifinya sikio. "Ndiyo adabu hiyo? Msamehe, mwalimu, huyu ameingiwa na wazimu."

"Mwache, Mama." Mwalimu alikuwa akicheka. "Ati nimwambie nini?"

"Umwambie soma," nikasema, machozi yananitoka kwa maumivu ya sikio.

Akaniangalia, akamwangalia baba, na kicheko kikampungua. Akaweka kikombe chini. Akageuka. "Haya, Mwanasiti. Lile yai na chumvi. Soma."

Dada hakuinua macho. Alitengeneza buibui lake, akaanza, kwa sauti ile ile ya chuoni, mwili ukiyumba kidogo. Alisema yai linazama kwenye maji matamu kwa sababu ni zito kuliko maji yanayolingana nalo kwa ukubwa. Ukitia chumvi, maji yanakuwa mazito, yanalisukuma yai kwenda juu kwa nguvu zaidi, mpaka nguvu ile inautosha uzito wake, nalo linaelea. Akasema ndiyo maana anayeoga Sabaki mtoni huhisi mwili mzito, na akivuka mdomo wa mto akaingia baharini huhisi amebebwa. Akaendelea. Akaingia somo la mwanga, kisha la joto, masomo aliyoyaokota nje ya matundu ya saruji. Watoto walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza baraza ile ikawa na sauti moja. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo hakuacha.

"Inatosha, mwanangu," baba akasema mwisho.

Nilimtazama Mwalimu Mutua nikingoja atabasamu kama alivyomtabasamia bintiye askari. Hakutabasamu. Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Majina yameshapelekwa," akasema. "Nilijaribu kumwongeza mtoto mwingine juzi, wamekataa. Hawapokei tena."

Mama alikuwa ameshika birika, halimimini wala haliweki chini. Baba akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayebeba mzigo na kuutafutia bega jingine.

"Ahsante, mwalimu," akasema dada yangu. Kisha akamgonga goti mtoto aliyekuwa mbele yake. "Rudi," akamwambia, na mtoto akarudi.

Jioni ile hakugusa chakula. Mama akakaa naye, akachota maharagwe yake kwa mkono amlishe kama mtoto, akayaonja kwanza. Akasita.

"Haya hayana chumvi!"

"Ni siku nyingi sasa, Mama," akasema dada.

"Siku nyingi? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Nilidhani chumvi imekuwa adimu."

Mama akanigeukia mimi. Nilijificha nyuma ya mtungi, nikaeleza habari ya Mzee Mbwana na vichwa vya pwani, na namna nilivyotaka kichwa cha dada kikazike. Mwanasiti alinitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kikawa hakina mwisho, kilio cha siku zote zile kimetoka mara moja. Mama akamvuta kifuani.

"Kuna nini huko?" baba akauliza kutoka nje.

"Hakuna kitu, Maalim," mama akamjibu. "Watoto wetu wanajua kunyamaza. Tumewafundisha vizuri."

Kesho yake Mwanasiti alinisimamisha juu ya kibao uani.

"Nitazame usoni."

"Siwezi. Wewe mkubwa wangu."

"Nitazame, Zuhura! Nikiuliza, jibu kabla sijamaliza. Paza mkono. Piga kelele."

Nilihisi natenda dhambi. Alinifanyia hivyo kila siku mpaka haya ikanitoka, na nilipofika kidato cha pili niliweza kuruka na kulia "Mwalimu! Mwalimu!" kama bintiye askari. Lakini sikuhitaji tena. Mwalimu Mutua alikwisha kuacha kuwasimamisha watu. Aliyetaka darasa la juu aliingia. Aliwaacha wanafunzi wasomeane kwa sauti, wote kwa pamoja, mpaka mwalimu mkuu akaja kulalamika juu ya zogo, lakini Mwalimu Mutua alipita katikati yao ametega sikio. Akifika kwa aliyeinamisha macho, aliinama karibu naye akasema, "Soma." Wakaja watoto wa Ganda, wakaja wa Sabaki. Mwaka wa kwanza wengi walianguka, na waliokuwa na shaka wakasema, "Tuliwaambia." Mwalimu akawaleta walioanguka kwetu Barani. Baada ya Alasiri, watoto wa Kurani wakiondoka, wao walikaa kwenye baraza ile ile na vitabu vya fizikia, na aliyewasikiliza alikuwa Mwanasiti. Mwaka uliofuata walioanguka walikuwa wachache. Wengine katika hao leo ni mainjinia na madaktari. Mimi nilifanya kazi maabara ya hospitali mpaka nilipostaafu, nimevaa koti jeupe.

Yeye hakulivaa. Alimaliza kidato cha nne na masomo yake mepesi, akaolewa, akazaa, akasikiliza watoto wa watu mpaka sauti yake mwenyewe ilipoanza kukatika. Sikuwahi kumsikia akilalamika, nami sijui hata leo kama alikuwa ameridhika au alikuwa anangoja aulizwe. Nimemshukuru Mola kwa kila nilichopewa, na katika kila shukrani kidonda hicho kimo.

Raya alikuwa bado amesimama mbele ya gilasi yake.

"Nyanya," akasema, "kesho zamu yangu kueleza hili darasani. Mimi siwezi. Wenzangu wanaruka tu, mimi nanyamaza. Nataka kuomba wanihamishe, wanitoe masomo ya sayansi."

"Unajua kwa nini limeelea?"

"Najua."

Macho yake yalikuwa sakafuni. Mikono ameikutanisha mbele. Nilitaka kumwambia anitazame usoni, apaze sauti, kama nilivyofundishwa mimi. Hilo lingekuja. Niliisogeza mbuzi, nikapangusa mikono yangu nazi, nikaketi mbele yake mkekani kama baba alivyokuwa akiketi.

"Soma," nikamwambia.